Kabla ya kuokota karatasi

Ada ya sekondari za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini kitanda cha hosteli ni habari nyingine. Katika shule ya kata anakosoma binti yangu hapa Kyerwa, wasichana walizidi vitanda. Kikao cha wazazi kikaamua tuokote karatasi kwenye kofia. Hakuna upendeleo, tukakubaliana.

Mimi nikapata NDIYO. Mama mmoja wa ng'ambo ya kilima akapata tupu. Binti yake hutembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mvua ikinyesha migombani. Wangu ni dakika ishirini tu.

Usiku sikulala. Shule ya vipaji kama Kilakala huchagua kwa alama, nasi hatunung'uniki. Kura nayo ni haki, ila kwa wenye shida inayolingana.

Asubuhi nilirudisha nafasi, apewe yule binti. Wangu alilia, na hadi leo hunijibu kwa mkato. Simlaumu, nilipaswa kusema kikaoni.

Mzazi mwenzangu, kabla hamjaokota karatasi, ulizeni kwanza: nani anatoka mbali?