Mzazi ukipita Muheza, waoneshe watoto chungu

Muheza, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Segera kwenda Tanga, wengi huujua kwa machungwa. Basi husimama, mifuko hujazwa, safari huendelea. Mzazi aliye na watoto na asiye na haraka anaweza kutafuta kitu kingine: chungu cha udongo.

Kwa Wabondei na jirani zao Wasambaa wa milimani, ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu zamani. Udongo huchimbwa bondeni, hulowekwa, hutolewa mawe na mizizi, kisha hupondwa mpaka ulainike. Mfinyanzi hatumii gurudumu. Huinua kuta za chungu kwa vidole, huzikwangua, kisha huzisugua kwa kokoto laini. Chungu hukaa kivulini siku kadhaa kabla ya kuchomwa. Kikiharakishwa, maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke motoni na chungu hupasuka.

Kufinyanga kwa mkono namna hiyo ndiko kulikompa jina Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusoma mwaka 1971, lakini miaka michache baadaye alisafiri hadi Abuja, Nigeria, kujifunza kwa akina mama wafinyanzi. Leo kazi zake zimo British Museum, London, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Binti wa kijijini hujifunza kwa kukaa karibu na mama au bibi, akichezea bonge lake la udongo. Siku hizi ndoo za plastiki na sufuria zimejaa jikoni. Chungu kisiponunuliwa, mama huacha kuchimba udongo, na binti hukosa wa kumtazama. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Hapa neno hilo linamhusu mtoto na ufundi pia.

Anayenunua akigonge chungu kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri ni kizima. Kikitoa sauti ya mkwaruzo kina ufa. Akinunua mtungi, nyumbani awaulize watoto kwa nini maji yake ni baridi bila friji. Jibu ni kwamba maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, na yanapokauka huondoka na joto. Watoto waguse ubavu wa mtungi, wataona una unyevu.