Kutoka mzani wa pamba hadi kambi ya darasa la saba

Baba hakuwahi kuniuliza nimekuwa wa ngapi darasani. Aliuliza nimepata ngapi kwenye hesabu, kisha akanyamaza kusubiri jibu. Alilima pamba katika kijiji kisicho mbali na Butiama, na msimu wa kuuza ulipofika alinichukua hadi ghalani nikiwa na daftari na kipande cha penseli. Karani akitaja kilo, naandika. Akitaja bei, nazidisha. Siku moja hesabu yangu na ya karani zikapishana. Baba akaomba mzigo urudishwe mzanini mbele ya watu, ukarudishwa, na kilo zilizopotea zikaonekana. Msimu uliofuata majirani nao walikuja ghalani na watoto wao.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1978. Miaka michache nyuma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio lililobeba jina la mji wetu: ifikapo 1977, kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Watoto walipatikana upesi kuliko walimu. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanasomea ualimu huku tayari wameshika chaki. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Wa kwetu alikuwa hodari wa hesabu za kichwa. Kila asubuhi kabla ya kuingia darasani alitupanga mstari na kuuliza saba mara nane, tisa mara sita. Aliyekosa alikwenda nyuma kabisa. Tulihesabia vizibo vya soda na vijiti vya mtama. MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, tuliiimba hata tukienda kuchota maji. Lakini tulipofika kwenye aljebra, alitoka mlangoni akamwita mwalimu mzee wa darasa la saba, mtu aliyepita chuo cha ualimu, na tangu hapo kipindi hicho wakawa wanasimama ubaoni wawili: mzee anafundisha, kijana ananakili pamoja na sisi. Wako wanaowasema vibaya walimu wa UPE mpaka leo. Mimi namheshimu yule kijana, kwa sababu alitaka tuijue hesabu hata pale yeye mwenyewe alipokuwa hajaijua.

Wazazi wa wakati ule hawakwenda shuleni kuhoji. Walisubiri matokeo. Shule yetu ilitoa mmoja au wawili kwenda sekondari ya serikali, na kuna mwaka haikutoa yeyote. Aliyechaguliwa Musoma Ufundi alisindikizwa na ukoo mzima hadi barabarani, maana watu walijua huko hawaendi wasiojua hesabu. Wazee walituambia habari za Mwalimu Nyerere, aliyetoka Butiama akasoma Mwisenge, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Kwao ile ilikuwa habari ya mtihani: mtoto wa kijijini akifaulu, mlango unafunguka. Wakati wangu mlango huo ulikuwa mwembamba sana, lakini wote tulisimama mbele yake mikono mitupu.

Mwanangu wa kwanza alianza shule Musoma mjini mwaka 2002, ada ya shule za msingi ikiwa imefutwa na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, umeanza. Watoto wa wavuvi waliokuwa wakishinda mwaloni waliingia darasani, na jambo hilo ni jema, sitaki mtu anielewe vinginevyo. Lakini darasa la mwanangu lilijaa hadi wengine wakakaa chini, na daftari lake la hesabu nikalikuta halina tiki wala kosa, kurasa kwa kurasa. Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha madaftari zaidi ya mia moja kila siku. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sijakiacha mpaka leo: mtoto haharibikiwi na hesabu siku ya mtihani, anaharibikiwa siku alipokosea kugawanya na hakuna aliyemwambia.

Kisha zikaja shule za kata, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, kuanzia 2004. Kata zilizokuwa hazijawahi kuona kidato cha kwanza zilipata sekondari kwa nguvu za wananchi waliosomba mawe na mchanga. Majengo yalisimama, walimu wa hesabu hawakuwepo. Waliletwa waliotoka kidato cha sita wakiwa na mafunzo ya wiki chache, watu wakawaita vodafasta. Mtoto aliyejifunza kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS) kwa Kiswahili alikutana na somo lilelile kwa Kiingereza, mbele ya mwalimu ambaye kesho yake huenda angepata kazi kwingine. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Kwetu kulikuwa na nyumba zilizokaa kama zina msiba.

Mwaka ule ndio uliowaamsha wazazi. Tulianza kukaa vikao na kuchanga, tukamlipa kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa fizikia, kemia na hisabati (PCM) afundishe hesabu katika shule ya kata. Alikuwa mzuri kweli. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipopiga marufuku walimu kukusanya michango, familia nyingi zilipumua. Ila fedha ya kumlipa yule kijana nayo ilikatika, akaondoka. Michango haikwisha, ilihama tu: ikawa twisheni ya jioni sebuleni kwa mtu, kila mzazi na mfuko wake. Pale mwanzo mtoto wa mwalimu, wa mwendesha bodaboda na wa mama muuza dagaa walifundishwa na kijana mmoja. Sasa anafundishwa anayelipa.

Na hapa ndipo linapokuja suala la shule za vipaji maalum. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana ni shule za umma, za watoto wetu wote. Zinachukua waliopata alama za juu kabisa darasa la saba. Lakini alama hizo zinatafutwa tangu darasa la nne, kwa mazoezi, majaribio, kambi, na mwalimu anayerudisha daftari limesahihishwa. Mwanangu wa mwisho alipofanya mtihani huo, nilipitia orodha ya waliochaguliwa na nikaona majina ya shule za kulipia za mjini yakifuatana. Sina kinyongo na watoto wale, walisoma. Ninachokataa ni kuitwa kipaji kile ambacho kwa sehemu kubwa kilinunuliwa, huku binti wa Nyamuswa mwenye kichwa kilekile akipangiwa shule isiyo na mwalimu wa hesabu. Kwa miaka mingi, kati ya watahiniwa watano wa Hisabati kidato cha nne, aliyefaulu alikuwa kama mmoja. Mwaka 2023 walifika robo.

Butiama sasa kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu. Nikipita pale najiuliza watoto wa vijiji vya jirani wataingia kusoma, au wataingia kufagia.

Mjukuu wangu anasoma shule ya serikali Bunda. Kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja anayeuza dagaa alisimama, akasema, "Shikamoo Mwalimu Mkuu. Sisi hatuji kugombana. Tunaomba kujua wiki iliyopita vipindi vya hesabu vilivyofundishwa ni vingapi, na madaftari yalisahihishwa mangapi." Mwalimu Mkuu hakukasirika. Alisema ukweli: mwalimu wa hesabu ni mmoja kwa madarasa matatu, na barua ya kuomba wa pili imeshakwenda halmashauri. Tukakubaliana kamati ya shule iifuatilie barua hiyo kwa mkurugenzi, na tuchange kwa hiari, kwa utaratibu unaoruhusiwa, ili mwalimu mstaafu wa mtaani aje kusahihisha mara mbili kwa wiki. Mama wa dagaa ndiye tuliyemchagua kutunza hesabu za mchango.