Daftari la Shamba la Shule

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, na kwa miaka takriban ishirini iliyofuata ni vigumu kumpata mwanafunzi wa sekondari Tanzania Bara aliyemaliza masomo bila kushika jembe la shule. Watu wa rika letu wakianza kukumbushana enzi za shule, hawachelewi kufika shambani: jembe, fyekeo na ndoo zilizotajwa kwenye fomu ya kujiunga pamoja na shuka, zamu ya kulisha kuku, mahindi yaliyogawiwa kila bweni palizi yake. Wapo wanaoyasimulia hayo kwa fahari na wapo wanaoyasimulia kwa uchungu, kana kwamba walisoma nchi mbili. Naamini wote wanasema kweli. Kazi ilikuwa ile ile, ila kadiri miaka ilivyokwenda wanafunzi walibaki na jembe huku daftari la shamba likihama mikononi mwao. Tofauti kati ya kufundishwa na kutumikishwa ilikuwa ndani ya daftari hilo, na leo, shule zinapoitwa tena kuihudumia jamii na kutunza mazingira, jambo hilo ndilo linalosahauliwa kwanza.

Nyerere hukumbukwa kama mtu aliyetaka wanafunzi walime. Alitaka zaidi ya hapo. Katika kijitabu kile shule ilipaswa kuwa jumuiya inayojilisha kwa sehemu, yenye shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kuamua kilimwe nini, watunze hesabu, na waone wazi kwamba hali yao inategemea juhudi na mipango yao. Kama utaratibu huo ulifuatwa, daftari la shamba lilikuwa kitabu cha kiada kuliko vingi vilivyokuwa kabatini. Lilikuwa na safu ya tarehe, safu ya mbegu na mbolea, idadi ya waliofanya kazi, magunia yaliyovunwa, yaliyoingia jikoni, yaliyouzwa na bei yake. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliweza kusimama kwenye baraza la shule akauliza madebe matatu ya maharage yamekwenda wapi, na kiranja wa shamba akalazimika kujibu kwa tarakimu. Hesabu, kilimo na uraia vilikutana kwenye swali hilo moja.

Huduma kwa jamii nayo ilikuwa na kipimo chake. Katika kampeni za kufuta ujinga za miaka ya sabini, wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliofundisha watu wazima kusoma na kuandika, jioni, chini ya miti na kwenye madarasa ya shule za msingi. Wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1977 takwimu za serikali ziliwaweka kwenye asilimia 27. Sifa hiyo haiwezi kuwa ya wanafunzi peke yao. Hata hivyo, aliyefundisha alijua kama amefaulu au la, kwa sababu bibi aliyeanza na alama ya dole gumba ama aliandika jina lake ama hakuliandika.

Kisha mambo yakageuka, na sababu hazikuwa moja. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, kazi na tabia ya mwanafunzi viliingizwa katika tathmini yake. Nia ilikuwa kupunguza utawala wa mtihani wa mwisho, lakini mwanafunzi anayepewa alama za moyo wa kazi hawezi kumuuliza kwa urahisi mwalimu anayempa alama hizo maharage yamekwenda wapi. Ikaja vita ya Kagera, ikaja dhiki ya miaka ya themanini, na shule zisizo na fedha zikaligeuza shamba kuwa chanzo cha mapato. Mazao yalihesabiwa ofisini. Mwishowe kulima kukawa adhabu: aliyechelewa gwaride anachimba kisiki, aliyeongea lugha isiyoruhusiwa anamwagilia bustani. Shule haiwezi kumwadhibu mtoto kwa kazi siku ya Jumanne halafu Jumatano ikamfundisha kwamba kazi hiyo hiyo ni heshima.

Wakati shamba likififia, mazingira yakaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianzisha mpango wa vijana wa Roots & Shoots Dar es Salaam akiwa na wanafunzi 12, na kwa miaka iliyofuata klabu za mazingira zikawa jambo la kawaida shuleni. Zilirudisha kitu cha thamani kubwa: wanafunzi kuchagua wenyewe tatizo la mtaa wao na kulishughulikia kwa hiari. Lakini nje ya klabu zenye walezi makini, upandaji miti umekuwa shughuli ya siku moja. Aprili Mosi mgeni rasmi anakuja, mashimo yamechimbwa jana yake, miche inashuka kwenye gari, picha zinapigwa, idadi ya miche inatumwa wilayani. Mvua za masika zinakatika Mei. Juni shule zinafungwa. Kuanzia hapo hadi mvua zirudi mche wa shule nyingi za Bara hauna wa kuumwagilia, na mbuzi hawana likizo. Taarifa iliyotumwa Aprili haikosei, maana ilihesabu iliyopandwa, na hakuna fomu inayouliza Novemba iliyobaki ni mingapi.

Wapo watakaosema kazi hii ya shamba na miche ni ajira ya watoto iliyovikwa jina zuri. Hofu hiyo ina haki yake, kwa kuwa yapo mashamba ya walimu yaliyolimwa na wanafunzi kwa kisingizio cha kujitegemea. Kinachozuia unyonyaji wa namna hiyo ni hesabu iliyo wazi ambayo wanafunzi wenyewe wanaishika. Kuifuta kazi yote kunawaondolea pia somo. Pingamizi la mtihani ni zito zaidi, kwa sababu mzazi anayelipia masomo ya ziada hataki kusikia habari za miche. Namjibu kwamba mwanafunzi aliyefuatilia mashimo 40 kwa mwaka, akalinganisha yaliyotiwa samadi na yasiyotiwa, akachora grafu ya miche iliyokufa mwezi kwa mwezi, amesoma biolojia na takwimu kwa namna ambayo ubao haumpi. Na mwalimu mwenye vipindi vingi? Huyo ana haki ya kulalamika, na kumwongezea mradi bila kumpunguzia kitu kingine ni kuua mradi huo mapema.

Kenya sasa imeyafanya mafunzo ya huduma kwa jamii kuwa somo la lazima katika sekondari ya juu, ambako wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026. Tanzania nayo, kwa mitaala iliyoanza 2024, imefungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi za mikono na ufundi. Ningependa kila shule katika nchi zote mbili ianze na vitu vitatu vya bei rahisi: daftari linaloandikwa na wanafunzi, baraza la kila muhula ambapo linasomwa kwa sauti mbele ya wazazi, na zamu ya likizo iliyokubaliwa na wanaoishi karibu na shule. Mkaguzi akija, aombe kwanza ukurasa wa Oktoba.