Chembe katika Uso wa Bibi

Wenzangu wa kidato cha tatu huniuliza kwa nini ninasumbuka na filamu nyeusi na nyeupe, hali simu hutoa picha mara moja. Kamera nimerithi kwa babu. Mjomba, ambaye zamani alikuwa na duka la picha Ngamiani, alinipa filamu mbili na dawa. Basi sikuwa na udhuru.

Siku ya Idi ya Kuchinja, Juni 2024, nilivuka mto Pangani kwa kivuko mpaka Bweni, nikampiga bibi picha barazani. Bibi hapendi kupigwa picha. Alikubali kwa heshima ya kamera ya mumewe.

Niliporudi Tanga niliisafisha filamu mwenyewe kwa maji ya bomba. Ilikuwa Ilford HP5 Plus, yenye kasi ya 400. Dawa ya ID-11 hutaka dakika saba na nusu katika joto la digrii 20. Mimi nikaongeza dakika mbili, ati picha ikolee, na chupa nikaitikisa kama mtu asukaye maziwa. Joto sikupima. Nilipoikuza picha, uso wa bibi ulikuwa kama umemwagiwa mchanga. Niliona haya, lakini nilikuwa nimeahidi, nikampelekea.

Mjomba hakunigombeza. Alitia kipimajoto katika maji yale: digrii 28. "Dawa ilikuwa na moto, mwanangu, nawe ukaizidishia muda." Akanieleza kuwa picha ya filamu ni chembe za fedha tupu. Filamu ya kasi kubwa huwa na chembe kubwa tangu kiwandani, wala hapo huna la kufanya. Lakini mwanga ukizidi, au dawa ikiwa na joto na kukaa mno, chembe huonekana zaidi. Hata kuitoa filamu katika maji ya baridi na kuitia ya moto kwa ghafula hukunja utando wake.

Desemba nilirudi Bweni na filamu ya pili, FP4 Plus, yenye kasi ya 125. Chembe zake ni ndogo, ila hutaka mwanga mwingi, hivyo nilimtoa bibi uani, naye akanung'unika kwa jua. Safari hii nilinunua barafu sokoni kwa samaki, nikaizungushia chupa ndani ya beseni. Barafu ikiingia katika dawa huizimua. Dawa, maji ya kati, dawa ya kukazia, vyote digrii 20. Dakika nane na nusu, na kila dakika niliigeuza chupa mara nne taratibu. Maji ya kuoshea ndiyo yaliyonitaabisha, kwani barafu ilikwisha, ikabidi mdogo wangu akimbie sokoni tena.

Kila kunyanzi lilionekana. Niliichapa ndogo, kiasi cha kadi ya posta, ili chembe zisijitokeze, nikaipeleka kwa fahari.

Bibi aliitazama kitambo. "Mbona umenizeesha?" akauliza.

Ile ya mchanga ingali ukutani. Hii ameitia sandukuni.