Joy Adamson, wazee wetu, na mama wa Dunga

Wasee, mwezi uliopita nilifukuzwa Dunga. Si na kanjo, si na polisi. Nilifukuzwa na mama anayeuza samaki.

Nilienda mapema, ile saa mashua zinarudi na jua bado ni la upole. Mama alikuwa ameinamia beseni la ngege, leso kichwani, kisu mkononi, magamba yamemrukia hadi mashavuni. Kwa macho ya kamera ilikuwa poa sana. Nikatoa simu, nikarekodi kama sekunde ishirini hivi. Akainua kichwa.

"Nyathina, hiyo uso umenunua kwa nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilifuta ile vidio akiangalia, nikapanda boda nikarudi Nyalenda, na swali lake nikarudi nalo. Nilipofika kwa nyumba nilikaa nikahesabu kila kitu nimeposti tangu nianze hii kazi. Nyuso 63. Majina ninayoyajua: manne, na moja ni la binamu yangu.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini nilianza kumfikiria Joy Adamson.

Wengi tunamjua kama yule mzungu wa simba. Elsa, kitabu cha Born Free cha 1960, filamu ya 1966, basi. Lakini kabla ya simba huyu mama alikuwa mchoraji, na kazi yake kubwa ya kuchora ilikuwa watu. Sisi. Picha zake ziko Makumbusho ya Kitaifa pale Nairobi, na mwaka jana nilizisimamia kwa muda mrefu mpaka askari akanikoholea.

Alizaliwa 1910 huko Troppau, mji uliokuwa wa Austria-Hungary na leo unaitwa Opava, uko Cheki. Jina lake halikuwa Joy, alikuwa Friederike. Na hapa mniruhusu nimpende kidogo, kwa sababu mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kila nikienda ocha kuna mjomba lazima aulize "utarudi lini?" Huyu mama alisomea piano, akaiacha. Akajaribu uchongaji. Akawaza udaktari, nao haukufika mahali. Mtu alikuwa karibu miaka thelathini na bado hajulikani yeye ni nani hasa. Alikuja Kenya 1937 akiwa na mume mmoja Ulaya, na njiani melini akakutana na mwingine, Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Wakaoana 1938. Ni Bally aliyempa jina la Joy, na ni yeye aliyemsukuma achore maua. Mume wa tatu, George Adamson wa wanyamapori, alikuja 1944. Sitaingia huko, hiyo ni sinema yake pekee.

Maua aliyachora vizuri sana. Na maua hayaulizi umenunua kwa nani.

1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi: zunguka nchi, chora makabila na mavazi yao kabla hayajapotea. Akazunguka miaka, akafikia makabila zaidi ya ishirini, akachora picha zaidi ya 500. Hebu fikiria hiyo barua ya kazi lakini. Nani alikuwa anayapoteza hayo mavazi? Kodi ni yao, shule ni zao, misheni zilizowaambia babu zetu shanga ni za shetani walikuja nazo wao. Ni kama mtu anabomoa nyumba yako na huku amemlipa mpiga picha apige ukuta wa mwisho.

Ukiziangalia picha zenyewe utaona bado ni mtu wa maua. Nyingi hazina kitu nyuma. Hakuna boma, hakuna ng'ombe, hakuna ziwa. Mtu ametolewa kama ua lililokatwa na kuwekwa juu ya karatasi nyeupe, kila ushanga unahesabika, kila unyoya uko mahali pake. Mkono wake ulikuwa hatari, siwezi kudanganya. Lakini nilitoka pale nikiwa nimebeba kabila na vazi la kila mtu kichwani. Jina hata moja sikutoka nalo.

Nilimwonyesha dani picha moja ya mzee wa Kijaluo kwa simu. Dani yuko Seme, na ni wa kile kizazi cha mwisho cha kung'olewa meno sita ya chini, kwa hivyo yeye mwenyewe angefaa kwenye makumbusho, na nikimwambia hivyo atanichapa. Akaivuta simu karibu. Uso hakuuangalia kabisa! Alianza na kichwa: kondo ya manyoya ya mbuni, meno ya kiboko, zile shanga. Halafu akasema, "Huyu hakuwa anaenda sokoni. Hii ni ya tero buru."

Tero buru, kwa wale wa Nairobi, ni ile siku wanaume wanavaa za vita na kukimbiza kifo na ng'ombe baada ya mzee kufa. Dani aliniambia babake miaka hiyo alikuwa anavaa koti. Koti na kofia, tena alikuwa anajivunia hilo koti kuliko ng'ombe. Reli ilifika Kisumu 1901 jameni. Kufikia 1950 watu wa hapa walikuwa na baiskeli, cherehani, na deni la dukani. Koti halikutafutwa na mtu.

Nikasema enhe, nimempata. Nikaanza kuandika posti kali kabisa: mzungu aliwavisha wazee wetu nguo za maonyesho. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari. Ningeongeza pia kwamba wakati huo wachoraji na wachongaji wetu walikuwepo. Gregory Maloba, mtu wa Mumias hapo juu, alikuwa amepitia Makerere mikononi mwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha shule ya sanaa pale, na ndiye baadaye alichonga mnara wa uhuru wa Kampala wa 1962. Kwa hivyo mikono ilikuwepo. Kazi ikaenda kwa mke wa afisa wa wanyamapori.

Lakini dani akaniomba simu tena. Akaangalia ile kondo muda mrefu. "Kama huyu mama hangechora," akasema, "ningekuonyesha nini?"

Na ni kweli. Kwetu hatuna picha ya babake. Hilo koti ninalijua kwa mdomo wa dani tu. Hata babu, mume wa dani, siku ya matanga picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuzwa kutoka kwa kitambulisho, mpaka mhuri ulikuwa unaonekana kwenye shavu.

Joy aliuawa Shaba mwanzoni mwa 1980. Mwanzo ilisemekana ni simba, halafu ikajulikana ni mtu, na mfanyakazi wake wa zamani akahukumiwa. Vitabu vya maisha yake vipo, unaweza kujua hadi alivyokosana na nani. Yule mzee wa kondo amebaki na manyoya.

Jumamosi nilirudi Dunga. Simu mfukoni. Nilinunua ngege wawili kwa yule mama, bei ya mgeni, nikalipa bila kubishana, halafu nikaomba msamaha na nikaomba ruhusa. Akanyamaza akiwakwangua samaki. Akakubali, lakini si hapo, na si na hayo magamba. "Kuja kesho nikitoka kanisa."

Jumapili alikuja na kitenge cha kijani kilichopigwa pasi hadi kikasimama, viatu vya kisigino kwenye mchanga, mkoba mkononi. Hakukuwa na beseni wala kisu. Nilitaka kumwambia kwamba ile ya kwanza ndiyo ilikuwa yeye wa kweli, na hapo hapo mdomo ukanifunga, kwa sababu nilimkumbuka mzee wa kondo. Mimi nilikuwa nimeamua alivishwa. Labda aliambiwa atachorwa, akarudi ndani akatoa kitu chake kizuri kuliko vyote, na koti akaliacha kwenye msumari.

Nilimpiga picha kumi na mbili. Akachagua moja, nyingine akaniambia nifute, nikafuta. Nikauliza jina ili niliandike nikiposti. Akakataa. Intaneti si kwake, jina lake lisiende huko, na picha pia isiende. Nikaichapishe mjini, nimletee, na jina niliandike nyuma, kwa kalamu, pamoja na la mamake na kijiji alikotoka.

Kwa hivyo leo hakuna picha hapa. Nimelipa shilingi mia mbili kuichapisha, na kesho asubuhi naipeleka.