Faini ya Alhamisi

Taarifa ya ajali redioni kwetu haizidi aya tatu. Ya kwanza ni idadi ya waliokufa na majeruhi, ya pili ni aina ya gari na mahali, ya tatu kamanda wa polisi wa mkoa anathibitisha na kusema chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva. Nimeandika nyingi sana tangu nimalize chuo. Ukiniamsha usiku wa manane nakuandikia moja kabla sijafumbua macho vizuri, wewe unabaki kujaza namba tu. Katika taarifa hizo dereva hana jina, hana mama, hana bosi. Ama amekufa, ama anashikiliwa, ama amekimbilia kusikojulikana.

Nimewahi pia kuendesha kipindi cha saa nzima wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama. Niliwaasa madereva. Niliwaasa kwelikweli, hadi msikilizaji mmoja akapiga simu kuniuliza kama mimi mwenyewe naendesha. Nikamjibu, kwa maringo kidogo, ndiyo.

Mimi nimekulia Mpanda ya treni. Masika ukitaka kwenda Tabora ulipanda behewa, ukapitia Kaliua, ukalala njiani na kuku wa jirani yako miguuni. Barabara ilikuwepo, lakini ilikuwa ya tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi, na mbung'o mwaka mzima. Kisha ikaja lami. Mwaka 2022 Rais Samia alipoizindua barabara ya Tabora–Koga–Mpanda, karibu kilomita 343, sisi wa huku tulijiona tumeunganishwa na nchi. Mkoa wetu wenyewe ulikuwa na miaka kumi tu, umezaliwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na hatimaye mtu angeweza kunywa chai Mpanda na kula chakula cha mchana Tabora.

Lakini lami ina jambo moja ambalo sikulifikiria mpaka mama mmoja muuza asali aliponiambia, karibu na Inyonga, nilipokuwa natafuta habari nyingine kabisa. Alisema zamani gari lilikuwa linapiga hodi. Unaliona vumbi lake kule mbali juu ya miti, unamwita mtoto, unasogeza ndoo, ndipo linafika. Siku hizi linafika kwanza. Ndiyo maana vijijini kuna vile vibao vya 50, na matuta, na rasta zinazotikisa meno. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo inayosema 50 kwenye makazi ya watu, na 80 kwa magari makubwa yakiwa nje ya makazi, na kila dereva niliyewahi kupanda naye anaijua kwa kichwa. Anajua pia askari wa tochi hupenda kukaa chini ya mti gani.

Basi Alhamisi moja, tarehe 17 Agosti 2023, nilikuwa narudi kutoka Inyonga. Nilikuwa nimekwenda kikazi kwa gari la baba mdogo, Probox aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake baada ya kustaafu ualimu. Siku nyingine zote gari lile lilikuwa linabeba abiria kati ya Mpanda na Sitalike, na lilikuwa na dereva wake, kijana mpole aliyekuwa anapeleka hesabu ya 25,000 kila jioni. Siku ile baba mdogo alimwambia apumzike, mwanawe ana safari.

Nilitakiwa kuwa studio saa kumi na mbili jioni. Njiani Fuso moja la mahindi likaniwashia taa mara mbili. Si unajua lugha ya barabarani, ukiwashiwa taa hivyo punguza mwendo, mbele kuna tochi. Mimi nikadhani ananisalimia. Nikampungia mkono.

Askari alikuwa na adabu zake zote. "Habari ya safari, dada." Akanionyesha picha kwenye simu, iliyotumwa na mwenzake aliyekaa nyuma huko. Namba ya gari inasomeka vizuri, na chini yake 71. Nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinanitia aibu kuliko hiyo 71 yenyewe. Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari. Akatabasamu, akasema, "Basi utatusaidia kuelimisha," huku anabonyeza mashine yake. Ikatoka karatasi ndogo: kosa, mahali, namba ya malipo, shilingi 30,000.

Alikuwa na haki. Kile kilikuwa kijiji, kulikuwa na watoto wa shule pembezoni, na nilikuwa nimekipita kibao nikakiona kabisa.

Karatasi nikaichomeka kwenye kikinga jua juu ya usukani. Nilisema nitalipa usiku kwa simu. Usiku nikasoma habari, nikarudi nyumbani nimechoka. Kesho yake gari lilikuwa Sitalike na karatasi iko ndani ya gari. Keshokutwa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata nikaenda Dodoma kwenye mafunzo ya miezi miwili, na hapo tena ikawa imeshatoka kichwani. Hela nilikuwa nayo, sitaki kujisingizia umaskini.

Kwa ambaye hajawahi kumiliki gari Tanzania nieleze kidogo. Faini anaandikiwa dereva, lakini deni linaonekana kwa namba ya gari. Ukiingiza namba hiyo kwenye mtandao wa polisi, makosa ambayo hayajalipiwa yanajitokeza yote, na hata anayenunua gari mkononi mwa mtu huanza na hapo, maana akizubaa ananunua na madeni ya wenyewe. Wakati ule ukipitisha siku saba hujalipa, ile 30,000 ilikuwa inapanda hadi 37,500. Na trafiki yeyote atakayelisimamisha gari hilo baadaye ataliona deni, na atamwona aliyeshika usukani saa ile.

Niliporudi kutoka Dodoma nilikuta Probox ina dereva mwingine. Nikamuuliza baba mdogo, yule kijana yuko wapi?

"Nilimtoa. Alikuwa anakimbiza gari."

Nikatikisa kichwa. Nikasema, naikumbuka vizuri sentensi yangu, "Vijana wa siku hizi wanakimbia sana, baba." Nimejaribu mara nyingi kujikumbusha kama wakati ule ile karatasi ilinijia kichwani hata kidogo. Ningependa kusema haikunija. Inawezekana ilinijia nikaifukuza.

Zaidi ya mwaka ukapita. Nikapewa kazi ya kuandaa kipindi kuhusu faini za barabarani na wanavyoumia madereva wa hesabu, nikaona nianzie nyumbani, kwa mwenye gari ninayemfahamu. Baba mdogo akafurahi. Akatoa daftari lake. Mwalimu ni mwalimu tu: kila siku ina mstari wake, tarehe, hesabu, mafuta, maelezo, mwandiko wa ubaoni. Akanifungulia ukurasa wa Septemba ili nione jinsi madereva wanavyomtia hasara mwenye mali. Mstari ulisomeka: *faini ya spidi ya tar. 17/8, 37,500, kakatwa.*

Sikusema kitu. Nikarudisha kurasa mbili nyuma mwenyewe. *17/8, hakuna hesabu. Gari Inyonga na mwanangu.*

Mistari yote miwili kaiandika yeye, kwa kalamu ileile. Ilikuwa imekaa ndani ya daftari moja muda wote huo, haijawahi kukutana.

Akanisimulia mwenyewe ilivyokuwa, kabla sijapata nguvu ya kumkatisha. Kijana alisimamishwa wakati anatoka mjini na abiria wanne. Gari linadaiwa, haliondoki mpaka lilipiwe. Abiria wakashuka, wakadai nauli zao. Kijana akapiga simu, baba mdogo akalipa, jioni akamwita. Kijana akasema siyo mimi, baba. "Nikamuuliza, gari hili linaendeshwa na nani? Akanyamaza. Mtu akinyamaza si amekubali?" Ile hela ikakatwa kwenye mshahara wake, na mwisho wa mwezi akaambiwa akabidhi ufunguo.

Nikamwonyesha ule mstari wa Agosti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Akauliza tu, "Sasa mimi nikamwambie nini yule mtoto?" Mzee wa umri wake, mwalimu aliyefundisha nusu ya mji huu, kwenda kijiweni kumwomba radhi kijana ni mlima. Nilimwelewa. Nikamwambia nitakwenda mimi, kosa ni langu. Akaniambia nimwambie kijana kwamba gari lipo, akitaka kurudi arudi. Ya huyo dereva mpya hatukuyasema.

Nilimkuta Makanyagio, kwenye kijiwe cha bodaboda, amekalia pikipiki ya mtu mwingine. Hesabu tena, bosi mwingine. Akanisalimia vizuri tu, "Dada, za siku nyingi." Nikaanza kueleza, nikazunguka weee, kama mtu anayesoma taarifa ambayo hajaipitia kabla ya kwenda hewani. Akaniacha nimalize.

"Nilijua," akasema.

Akaniambia ile karatasi aliiona Ijumaa asubuhi, aliposhusha kikinga jua barabara ya Sitalike. Akaisoma, akajua ni ya safari yangu, akairudisha palepale akidhani nitakuja kuichukua. Baada ya kusimamishwa alikuwa nayo mfukoni, na alikwenda nayo hadi sebuleni kwa baba mdogo jioni ile.

"Mbona hukuionyesha?"

"Dada, ningemwambia bosi kwamba ni mwanawe?" Akacheka kidogo, siyo kwa ubaya. "Na wewe ndiye wa redioni. Unatufundisha kila siku tusikimbie."

Kuna mambo nilikuwa nimeyaandaa kwa ajili ya kipindi changu. Nilitaka kuzungumzia jinsi bajeti ya Juni 2021 ilivyopendekeza faini za bodaboda na bajaji zishuke kutoka 30,000 hadi 10,000, na waziri akaeleza kwamba kipato cha hao hakilingani na cha wenye magari. Nilitaka kuuliza kama dereva wa hesabu, asiyemiliki hata tairi, naye tumhesabu kuwa ni mwenye gari. Bado naona ni swali zuri. Lakini pale kijiweni, mbele ya mtu niliyemsababishia faini na kumpotezea kazi, halikuwa na mdomo wa kulitamka.

Nikampa bahasha. Nilikuwa nimeweka 40,000, noti nne. Akazitoa, akazihesabu mbele yangu bila haraka, akaingiza mkono kwenye mfuko wa jaketi, akanirudishia 2,500. Nikakataa. Akaendelea kunyoosha mkono mpaka nikapokea.

"Iliyokatwa ni elfu thelathini na saba na mia tano," alisema. "Hii siyo yangu."

Nikamfikishia ujumbe wa baba mdogo, kwamba gari lipo. Akauliza nani analiendesha sasa. Nikamtajia. Akasema anamfahamu, wamepanga mtaa mmoja, mkewe amejifungua juzi.

"Sasa mimi nikirudi, yeye aende wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaja mama mmoja na mfuko wa unga na mtoto mgongoni, anakwenda Kawajense, wakapatana bei. Kijana akauchukua ule mfuko akauweka mbele yake, akangoja mama akae vizuri, akaniambia, "Msalimie baba." Nikasimama nao wanaondoka. Alikwenda taratibu mpaka kwenye kona, akageuza kichwa kuangalia mtoto yuko sawa, ndipo akaongeza gia.

Kipindi sijakirusha. Mhariri ameniuliza mara mbili. Zile 2,500 bado ziko kwenye bahasha yao, ndani ya mkoba ninaokwenda nao kazini, na baba mdogo kila nikipita kwake hunikaribisha chai, tunaongea ya mvua na ya shamba, na daftari halipo tena juu ya meza.