Kutoka Kengeleni hadi Limuru

Mtu avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa, akashika njia ya Malindi, hufika upesi mahali paitwapo Kengeleni. Hapo pana mnara wenye kengele, na magari hupita ubavuni mwake mchana kutwa, abiria wengi wasijue kwamba ndiyo iliyopapa mahali hapo jina lake. Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisheni wa CMS, kiwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Iliwaita watu ibadani, na wazee husimulia kwamba ililia pia kuwaonya adui alipokaribia.

Katika kijiji hicho, mwaka 1903, kilifunguliwa chuo cha kuwatayarisha Waafrika kwa kazi ya uchungaji. Lakini asidhani mtu kwamba kabla ya chuo hapakuwa na watumishi Waafrika. Miaka 18 nyuma, mwaka 1885, Askofu James Hannington aliwawekea mikono Ishmael Semler na William Jones, wakawa mashemasi. Wote wawili walikuwa wametekwa utotoni, wakaokolewa, wakapelekwa Bara Hindi na kusomeshwa karibu na mji wa Nasik. Mwaka ule ule Jones alifuatana na Askofu katika safari ya kwenda Uganda. Hannington alimwacha Kavirondo pamoja na wapagazi walio wengi, akatangulia, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Ikawa juu ya shemasi yule kuwarudisha wenziwe Rabai, mamia ya maili kwa miguu. Waliingia wakiwa na bendera iliyoandikwa neno moja la Kiebrania, Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Hakuna mtihani wa chuo uliopata kuwa mgumu kama safari ile.

Mwaka 1930 chuo kiliaga minazi, kikapanda bara hadi Limuru. Mabadiliko hayo si madogo. Limuru iko zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari, na mwezi wa Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya chai hata saa nne ya asubuhi. Mtu wa pwani aliyezoea shuka moja hujifunza haraka thamani ya blanketi. Kwa mtu wa Kiambu, kinyume chake, hapo ni kama nyumbani: udongo mwekundu, mahindi, viazi, na njia ya reli ikipinda kuelekea Bonde la Ufa.

Si mbali na hapo, katika kituo cha misheni ya Waskoti huko Kikuyu, lilizuka mwaka 1913 jambo lililotikisa kanisa hata Ulaya. Wamisheni wa madhehebu mbalimbali walikutana kutafuta umoja, na mwisho wa mkutano wakashiriki Meza ya Bwana pamoja, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza katika kanisa la Waskoti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipopata habari aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi, na shauri likafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mkulima wa kawaida, aliyeona majirani wawili wakienda makanisa mawili kwa sababu tu mmisheni wa huku alitoka Uskoti na wa kule Uingereza, pengine alishangaa kwamba mlo mmoja ungeweza kuleta kelele nyingi hivyo.

Kwa hiyo ni jambo la kuangaliwa kwamba mwaka 1949 Waanglikana, Wapresibiteri na Wamethodisti walipatana kuwafundisha wachungaji wao pamoja katika kilima cha Limuru. Chuo kikaitwa St. Paul's United Theological College. Vijana ambao baba zao walibishana juu ya maaskofu na wazee wa kanisa wakaketi dawati moja, wakala sahani moja. Ubishi haukwisha, bali sasa ulikuwa ubishi wa watu wanaojuana kwa majina.

Na masomo yenyewe? Mgeni hudhani kwamba mwanafunzi wa theolojia hukaa akisali tu. Kumbe kuna historia ya kanisa, kuna kuandaa hotuba na kuitoa mbele ya wenzake wasiomhurumia, na kuna Kiyunani chenye herufi zake 24. Yaliyomo humo yana faida kwa msemaji wa Kiswahili. Katika Injili ya Yohana, mlango wa tatu, neno la Kiyunani la upepo na la Roho ni moja tu, pneuma. Mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua mawili, ingawa pepo na upepo wamekaribiana, na roho lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, ni ndugu wa ruach la Kiebrania, ambalo nalo ni upepo na roho pia. Mwanafunzi agunduaye hayo huanza kusoma Biblia ya mwaka 1952 kwa macho mengine.

Mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya karo ana haki ya kuuliza Kiyunani kitaleta nini nyumbani. Jibu la kweli ni kwamba hakileti fedha nyingi. Wako waliotoka Limuru wakafika mbali: Festo Olang' na Obadiah Kariuki, waliosoma hapo, waliwekwa kuwa maaskofu mwaka 1955, Waafrika wa kwanza wa Kenya kupata daraja hilo katika kanisa lao. Lakini walio wengi walirudi vijijini, wakihudumia makanisa kadhaa kwa baiskeli, huku karani waliyesoma naye shule akipokea mshahara mnono zaidi.

Mwaka 2007 chuo kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu, na leo wanafunzi wa biashara na wa kompyuta hupita chini ya miti ile ile. Darasa la theolojia lingali pale, na asubuhi ya Julai wanafunzi wake bado huingia na makoti mazito, mtu wa pwani akiwa amejifunika kuliko wote.